Nani Kaharibu, au Nini Kimebadilika?

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukuuliza wewe. Kitu kinapoharibika mbele yako, swali la kwanza linalokutoka mdomoni ni lipi? Mimi nimejichunguza nikaona kwamba langu ni lile lile la watu wote: nani kafanya hivi? Sahani ikianguka jikoni, mama yuko uani hajaiona hata vipande, lakini sauti yake imeshafika: "Nani huyo?" Fedha ya kikundi ikipungua, nani kala. Mtu mwenye afya akianguka ghafla, hawakosekani wa kunong'ona kwamba pale pana mkono wa mtu. Swali hili tumelinyonya pamoja na maziwa, na wengi wetu tutazeeka nalo.

Katika makala hii nataka kulipinga swali hilo. Halafu nikishalipinga, nataka nirudi nilitetee. Najua utasema kijana huyu hajui anachotaka. Nivumilie. Kabla ya kupinga wala kutetea, kuna jambo inabidi niungame kwanza, kwa sababu mawazo haya sikuyaokota kwenye kitabu. Niliyaokota kwenye kompyuta iliyogoma kuwaka, na yalinigharimu.

I

Naishi Kagerankanda, upande wa Kasulu, mkoani Kigoma. Asiyepajua apige picha ya nchi ya juu yenye udongo mwekundu, mahindi, maharage na muhogo, na barabara ambayo kiangazi inakupaka vumbi hadi kwenye kope na masika inakuvua viatu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikabaki nyumbani. Tangu hapo naandika riwaya. Watu wakiniuliza kazi yangu nasema nasaidia kwenye stesheneri, maana ukisema unaandika riwaya utaulizwa swali la pili ambalo halina jibu.

Stesheneri yenyewe ni chumba kimoja cha mama mmoja ninayemwita Mama, ingawa hakunizaa. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunajaza maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi. Mashine ni moja tu: kompyuta ya mezani, ya mtumba, yenye kioo kinene na kibodi iliyofutika herufi. Mama aliniruhusu nibaki jioni nichape riwaya yangu wateja wakishaondoka. Nimefika ukurasa wa 140 kwa ruhusa hiyo.

Mashine hiyo ilikuwa na kilema kimoja ambacho tulishakizoea. Kila asubuhi ukiiwasha ilileta kioo cheusi chenye maandishi, inalalamika kwamba saa yake haijui ni siku gani, ikidai kwamba leo ni tarehe mosi Januari ya mwaka fulani wa zamani. Dawa yake tuliijua: bonyeza F1, endelea. Tulibonyeza F1 kwa zaidi ya mwaka. Mteja akiuliza, tunacheka: "Mzee huyu akilala anasahau." Kumbuka kilema hicho, ndugu msomaji, maana nitakirudia.

Kijana mwingine, mdogo wangu kwa umri, alikuwa na kona yake humo humo dukani. Alikuwa anawawekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi na kadi za simu, shilingi chache kwa kila moja, na jioni anampa Mama kidogo cha umeme. Kila wiki alikwenda Kasulu mjini kutafuta nyimbo mpya, anarudi na flashi yake shingoni kama hirizi. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi. Mimi alikuwa ananiita kaka.

II

Basi, mashine ile ilikuwa inatumia Windows 7. Wenyewe waliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020, ikabaki kama nyumba ambayo fundi wake kahama. Ilifanya kazi miaka mingine, lakini mwaka 2023 vivinjari navyo vikaanza kuikimbia, kurasa za maombi zikawa hazifunguki, wateja wanaondoka na karatasi zao mkononi. Nikamwambia Mama, "Mama, tupige windo mpya." Akauliza, "Unaweza?" Nikasema naweza. Nilikuwa nimeshaona ikifanywa mara mbili na nimesoma vya kutosha kwenye simu. Windows 11 haikuwezekana, inataka mashine ya kisasa zaidi. Tukabaki na Windows 10, ambayo nayo siku zake zilikuwa zinahesabika, na kweli ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ndivyo ilivyo kwa mtu wa mtumba, anafika karamuni wakati viti vinakunjwa.

Ijumaa jioni nilichukua tahadhari. Tahadhari gani? Nilinakili riwaya yangu kwenye flashi, nikaitia mfukoni. Riwaya yangu peke yake. Humo ndani mlikuwa na hati za watu za kuuziana mashamba, risala za harusi na za misiba, barua za maombi za vijana wenzangu, na hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambazo Mama mwenyewe alikuwa mweka hazina wake. Sikunakili hata moja. Nilijiambia flashi yangu ni ndogo. Haikuwa ndogo kiasi hicho.

Jumamosi asubuhi nikapiga windo. Na hapa nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniona nikilifanya. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukiingia kwenye bayosi, yaani ule mpangilio wa ndani kabisa unaokaa kwenye madabodi na kuamka kabla ya windo, ukabadili namna diski inavyosomwa kutoka IDE kwenda AHCI, mashine inakuwa nyepesi. Nikabadili. Windows 10 ikaingia vizuri. Mchana kutwa tulifanya kazi, kurasa zinafunguka, Mama anatabasamu, mimi najiona injinia. Jioni tukafunga duka, tukazima swichi kuu ukutani kama kawaida yetu, maana Mama anaogopa moto wa umeme kuliko wezi.

Jumatatu asubuhi Mama mwenyewe ndiye aliyewasha. Ikaja ile hadithi ya saa, akabonyeza F1. Kisha kioo kikawa cha buluu chenye alama ya uso ulionuna, na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba haikipati kifaa cha kuwashia. Ikajizima, ikajiwasha, ikanuna tena. Tulijaribu hadi saa nne. Foleni ya wateja ikawa imeshageuka baraza.

Ndipo swali likatoka. "Nani kachezea hii mashine?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na jibu. Nikawa natafuta namna ya kulisema ili lisisikike vibaya, na wakati natafuta, mzee mmoja mteja akasema, "Si huyu wa miziki? Flashi zake hizi, anachomeka popote, analeta virusi vya mjini." Watu wakageuka wakamtazama yule kijana. Alikuwa amekaa kwenye kona yake na simu mkononi. Akasema, "Jamani, mimi jana sijaja kabisa." Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini yalisikika kama ya mwizi, kwa sababu mtu akishaanza kujitetea mbele za watu, kujitetea kwenyewe kunageuka ushahidi.

Mama akamtazama, akanitazama. Mimi nikainama kuangalia waya za nyuma ya mashine. Zilikuwa sawa sawa. Nilijua ziko sawa.

Mchana ule kijana aliambiwa asichomeke flashi tena pale. Jioni akaambiwa fundi akidai hela, naye atachangia. Aliponipita mlangoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, wewe unanijua." Nikamjibu, "Tutaona." Neno gani hilo? Tutaona! Kana kwamba kulikuwa na kitu cha kuona ambacho mimi sijakiona.

III

Jumanne Mama akampigia simu fundi mmoja wa mjini. Fundi akasema, bila kuiona, "Futeni kila kitu, pigeni windo upya, itakaa sawa." Mama akaniuliza, "Tufute?"

Hapa, ndugu msomaji, ndipo palipo na kiini cha makala yangu. Nilisimama mbele ya swali hilo nikaona faida zake zote. Tukifuta, mashine itapona mchana huo huo. Ushahidi wa nilichokifanya kwenye bayosi hautatafutwa na yeyote. Riwaya yangu iko mfukoni. Virusi vitabaki kuwa ndio maelezo, na yule kijana atabaki kuwa ndiye mwenye virusi, daima dumu. Hasara itakuwa ya wale ambao karatasi zao zimo humo, nao hawatajua hata wamlaumu nani, zaidi ya huyo huyo kijana. Wanaosema shetani huja na pembe hawajawahi kukutana naye. Kwangu alikuja na ushauri wa kitaalamu.

Nikasema, "Mama, nipe usiku mmoja."

Sitaki unisifu kwa neno hilo. Sikulisema kwa ushujaa. Nilikumbuka tu hesabu za kikundi, nikawaza akina mama wale wakija Jumamosi na vitabu vyao, nikaona aibu. Ujasiri wangu wote siku ile ulikuwa ni aibu tu.

Usiku nikabaki na mashine. Nikachukua karatasi. Watu wanaotengeneza vitu wana kanuni moja ya zamani: mashine iliyokuwa inafanya kazi jana na leo haifanyi, kuna kitu kimebadilika kati ya jana na leo, kitafute. Kanuni hiyo haiulizi nani, inauliza nini. Nikaandika juu ya karatasi: NINI KIMEBADILIKA? Chini yake nikaanza kuorodhesha. Na hapo kalamu ikagoma, kwa sababu mstari wa kwanza, ukiandikwa kwa ukweli, ulikuwa huu: "Nilibadili IDE kuwa AHCI." Angalia neno hilo, lina "ni" mbele yake. Nilitaka kuandika "ilibadilishwa". Nikaifuta, nikaandika "nilibadili".

Mstari wa pili: windo mpya. Wa tatu: duka lilizimwa swichi kuu Jumamosi jioni. Flashi ya kijana sikuiandika, maana haikuchomekwa tangu windo mpya iingie. Nilikuwa nalijua hilo tangu Jumatatu.

Kisha nikaingia kwenye bayosi kuangalia. Nikakuta imeandikwa IDE. Nilishangaa. Mimi niliacha AHCI, nani kairudisha? Unaona? Hata mimi mwenyewe, peke yangu usiku na karatasi yangu ya "nini", swali lililonitoka lilikuwa "nani"!

Lakini hakuna aliyeirudisha. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara kama sarafu. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya saa na ya mipangilio ya bayosi wakati umeme haupo kabisa. Betri ikifa, ukizima swichi kuu bayosi inasahau kila ulichoiambia na kurudia mipangilio iliyozaliwa nayo. Ya mashine yetu ilikuwa imekufa zamani. Ndiyo maana kila asubuhi saa ilipotea na sisi tukabonyeza F1. Windows 7 haikujali, kwa sababu iliwekwa kwa IDE tangu mwanzo, na kila asubuhi ilikuta IDE. Windows 10 niliiweka kwa AHCI. Jumamosi mchana kutwa umeme ulikuwepo, ikakumbuka. Usiku ikasahau. Jumatatu windo ikaamka ikakuta njia ya kuisoma diski imegeuzwa, haikuitambua nyumba yake mwenyewe.

Nikaweka AHCI, nikahifadhi, nikawasha. Uso haukununa. Ikafunguka. Na kwa kuwa nilipopiga windo sikukifuta chumba cha zamani cha diski, vitu vyote vya watu vilikuwa salama, vimekusanywa kwenye folda moja iitwayo Windows.old. Hesabu za kikundi zilikuwemo. Nilizifungua nikaziangalia kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali.

IV

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni nani aliyeiharibu? Mimi nilibadili mpangilio. Lakini mpangilio ule peke yake haukuwa kosa, mashine nyingi duniani ziko hivyo na zinawaka. Betri ilikufa, lakini ilikufa zaidi ya mwaka uliopita na mashine iliwaka kila siku. Swichi kuu ilizimwa, lakini ilizimwa kila jioni kwa usalama wa watu. Ukichukua moja katika hayo matatu ukaiweka kando, hakuna kilichoharibika. Ni pale yalipokutana. Wanaouliza "nani" wanatafuta mtu mmoja wa kumfunga kamba, na mara nyingi sababu haina shingo moja.

Madhara ya kuanza na "nani" si madogo. Mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilianza kuingiza mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ili uweke hesabu za ofisi ndogo za posta. Mfumo ulikuwa na hitilafu, ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wenye mfumo hawakuuliza nini kimebadilika. Waliuliza nani kaiba. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika wakijaribu kulipa deni ambalo halikuwepo, wengine walikufa kabla jina lao halijasafishwa. Wengi wao waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama hilo. Alan Bates aliwakusanya wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu. Mei 2024 ndipo Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya kufuta hukumu zao. Hesabu miaka: robo karne! Mashine iliaminiwa, mtu hakuaminiwa. Kona ya duka letu ni ndogo, lakini ilikuwa na Horizon yake.

Kuna na njia nyingine ya kukosea, ambayo sisi wenyewe tuliijaribu. Wizara ya Fedha ya nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Baadaye ikaletwa nyingine kubwa zaidi, na kazi ya kuhamishia hesabu za serikali humo ikaenda vibaya, ikabidi watu warudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yalidumu hadi miaka ya 1990. Sisemi waliofanya hivyo walikuwa wajinga, fedha za kigeni zilikuwa haba na hasara waliiona kwa macho. Nasema tu kwamba hapo "nani" ilijibiwa kwa kuitupia lawama mashine nzima, kama vile mtu aliyeumwa jino akang'oa kichwa.

Linganisha na Julai 19, 2024. Kampuni ya CrowdStrike, inayolinda kompyuta za wengine, ilituma faili moja lenye kasoro, na kompyuta kama milioni 8.5 zikawa na kioo cha buluu kama chetu. Viwanja vya ndege vikasimama. Lakini saa chache tu zikatosha kujua nini kimebadilika, kwa sababu kulikuwa na faili la kunyooshea kidole badala ya mtu. Mafundi wakapita mashine kwa mashine wakilifuta. Hakuna mhudumu wa kaunta aliyeambiwa kaleta virusi.

Kwa hiyo nalipinga swali la "nani" kama swali la kwanza. Likitangulia, linaua swali la pili. Mtu akishapatikana, uchunguzi unakufa, na betri inabaki humo humo ndani ikiwa imekufa.

V

Je, basi tuache kabisa kuuliza nani? Nilitamani iwe hivyo. Usiku ule, baada ya kuiona betri, nilifurahi furaha mbaya. Nilijiambia: kumbe si mimi, ni betri! Nikaanza kutunga hotuba ya kesho: "Mama, betri ilikuwa imekufa, mipangilio ikapotea, mashine ikashindwa kuwaka." Isome tena hotuba hiyo. Hamna mtu ndani yake.

Lugha yetu tukufu ya Kiswahili ina kauli ya kutendeka, nasi waandishi tunaipenda. Kuvunja na kuvunjika. Kuharibu na kuharibika. Kupoteza na kupotea. Ukivunja kikombe, unasema, "Mama, kikombe kimevunjika," kana kwamba kikombe kilichoka na maisha. Nenda ofisi yoyote utasikia: mtandao unasumbua, mfumo umegoma, faili halionekani. Yote ni "nini", hakuna "nani". Hapo ndipo nilipoona kwamba swali nililokuwa nalisifu linaweza kuwa kichaka cha kujifichia, tena kizuri kuliko kile cha kwanza, kwa sababu kina majani ya sayansi.

Alfajiri nikaenda kwa Mama nyumbani kabla hajafungua duka. Nilimkuta anafagia uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika. Nikamweleza yote: betri, swichi, na mpangilio nilioubadili mimi. Nikamwambia pia kwamba flashi ya yule kijana haikuhusika, na kwamba nilijua tangu Jumatatu. Niliongea sana kuhusu betri. Mama akasikiliza akiwa ameshika ufagio. Nilipomaliza akasema:

"Betri nimekuelewa, mwanangu. Na mdomo wako nao, siku mbili hizi, ulizimwa na betri gani?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Nimelipekua swali hilo kama nilivyoipekua mashine, nikatafuta sababu: nilimwogopa Mama, nilihofia kupoteza jioni zangu za kuandika, watu walikuwa wengi, mzee alitangulia kusema. Zote ni kweli, na zote ziliwahi kuwepo siku nyingine nikasema kweli. Hakuna mpangilio uliogeuzwa usiku. Nilinyamaza mimi.

Kumbe kuna tofauti kati ya sababu na kosa. Kuzima kwa mashine kulikuwa na sababu, na sababu hizo zilikuwa nyingi, nami nilikuwa mojawapo tu, tena bila nia mbaya. Kwa hilo sikujidharau sana, nilikuwa najifunza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa kosa, na kosa hilo halikuwa la betri hata kidogo. La ajabu ni kwamba kama uchunguzi wangu ungeonyesha kuwa mashine iliharibiwa na flashi ya yule kijana kweli, kosa langu lingebaki pale pale, maana Jumatatu mimi nilikuwa na ninachokijua na sikukisema.

Ndiyo maana natetea swali la "nani", lakini lije la pili, na likija lianzie kwa muulizaji. Kwanza, nini kimebadilika? Ukishaijua, ndipo uulize: katika hayo, langu ni lipi? Ukiuliza kwa mpangilio huo, hutamwonea mtu, na hutajificha. Ukiugeuza mpangilio, mashine haiwaki.

VI

Mama alimaliza kufagia, akaniambia neno moja tu: "Umfuate."

Nikamfuata. Nilimkuta guliono, ameshatandika turubai, anauza chaja na vifuniko vya simu vya mtu mwingine. Nikamweleza mbele ya watu waliokuwepo, maana alidhalilishwa mbele ya watu. Alinisikiliza, akasema, "Sawa, kaka. Nimeelewa." Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Mama alimwambia arudi kwenye kona yake, akashukuru, akasema kwa sasa guliono kunamtosha. Hajarudi. Tukikutana tunasalimiana vizuri, lakini ile "kaka" yake imepoa, na hilo hakuna folda ninayoweza kulifungua nikalikuta limehifadhiwa.

Betri tuliinunua mjini kwa shilingi elfu mbili. Sasa asubuhi mashine inajua ni tarehe ngapi. Nimekuwa na desturi ya kunakili vitu vya wateja kila Ijumaa, vyote, kwenye diski ya nje ambayo Mama aliinunua na ambayo nalipia nusu kidogo kidogo. Hata wakubwa wanateleza: Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 lilianza kusambazwa, likawa linafuta nyaraka za baadhi ya watu, likasimamishwa ndani ya siku chache. Kwa hiyo wewe mwandishi mwenzangu unayechapa kazi yako kwenye mashine ya watu, nakili. Na ukinakili yako, geuka uangalie na ya jirani.

Riwaya yangu inaendelea. Mhusika mmoja, aliyekuwa mwovu tangu sura ya pili, imenibidi nimwandike upya. Nilikuwa nimemwekea uovu wote yeye ili wengine wapumzike.

Ndugu msomaji, hayo ndiyo mawazo yangu, na naweza kuwa nimekosea. Wapo watakaosema kosa ni kosa, hakuna la kwanza wala la pili. Wapo watakaosema mtu hawezi kuanza na "nini" wakati watu wanaumia na mwenye kuumiza anajulikana. Waandike, tusome. Lakini kabla ya kunijibu, jaribu jambo moja dogo: leo kitu kikiharibika nyumbani kwako, meza swali lako la kwanza, chukua karatasi, na mstari wa juu kabisa andika ulichokigusa wewe.